Mama Sindano na Bomba la Moshi

Jirani yangu wa upande wa kushoto, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Sindano, hajawahi kumdunga mtu sindano hata siku moja. Wagonjwa wake ni ng'ombe, mbuzi na kondoo, na mara mojamoja mbwa aliyemshinda mwenyewe. Kazi yake ni kuchanja mifugo. Asubuhi hufunga kisanduku cha barafu nyuma ya pikipiki, ndani yake chupa ndogondogo za chanjo, juu yake buti za mpira na zile glovu ndefu zinazofika begani, halafu huyo anakwenda zake kwa wafugaji waliotawanyika kule lami inakokoma.

Pikipiki yenyewe ilikuwa kuukuu tangu siku aliyokabidhiwa. Aliikuta ofisini kwao, imeegeshwa nyuma ya stoo, kuku wanatagia chini yake, na hakuna mwenzake aliyeitaka. Akaifuta, akaipiga kiki mpaka goti likamvimba, ikawaka. Tangu siku hiyo wakawa kama mtu na ndugu yake: wanagombana, lakini huwezi kumsema mmoja mbele ya mwenzake.

Ubaya ulianza kwenye bomba la moshi. Mwanzoni ilikuwa kimlio tu, sss, kama sufuria inayokaribia kuchemka. Kutu ilikuwa imekula kona ya bomba, pale linapotoka kwenye injini na kupinda kwenda chini. Mama Sindano akalizungushia bati la kopo, akakaza kwa waya. Bati likaungua. Akaweka jingine. Baadaye silensa nayo, lile pipa refu la nyuma linalopunguza kelele, ikatoboka tumboni, na matumbo yake yakaanza kudondoka barabarani vipande vipande. Hapo ndipo mtaa ulipokoma kulala baada ya alfajiri. Pikipiki ilikuwa haingurumi tena, ilikuwa inafoka. Ukipunguza resi, inapiga risasi. Watoto wachanga walishtuka, masufuria yalitetemeka kwenye kabati langu, na mimi mwenyewe nilizoea kunyamaza katikati ya sentensi, nimsubiri apite, kisha niendelee nilipoishia.

Yeye hakuwa mtu wa kuona haya kirahisi. Angeendelea hivyohivyo kama si lile dume la yule bibi mfugaji.

Bibi huyo ni mjane anayefuga peke yake, na dume lake ni jeusi, pana kama kabati la nguo. Siku ya kulichanja aliwaita vijana wa jirani, wakalibembeleza tangu asubuhi mpaka likaingia kwenye kizimba cha kubania. Wamelifunga, limetulia, linatafuna. Mama Sindano akatokea kwenye kona, akapunguza resi ili aingie getini kwa adabu. Pikipiki ikapiga risasi yake. Dume likaondoka na kizimba. Yaani si kwamba lilitoka kizimbani. Liliondoka nacho, miti miwili ikining'inia shingoni, likakata shamba la mahindi la mtu mwingine kabisa, na asubuhi yote ikaishia kwenye kulitafuta.

Bibi hakupaza sauti. Alimkaribisha maji ya kunywa, akakaa, akamtazama.

"Mwanangu," akasema, "mimi na wewe hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni na hicho unachokikalia."

"Nimekuelewa, bibi."

"Ukija tena kiache kule barabarani. Uje na miguu yako. Miguu yako haina kelele."

Habari za dume zilisafiri haraka kuliko pikipiki. Wafugaji wengine nao wakaanza: uache kule, uje kwa miguu. Basi ikawa Mama Sindano anaegesha barabarani, anabeba kisanduku kichwani, anapanda na kushuka vichochoro vya katikati ya mashamba kwenye jua kali. Barafu haikungoja mtu. Siku moja alipofungua kisanduku akakuta maji ya uvuguvugu na chupa zinaelea. Chanjo yote ya siku ile akaimwaga. Aliporudi jioni nilikuwa naanua nguo. Nikamsalimia, akaitikia kwa kichwa tu, na huyo si mtu wa kuitikia kwa kichwa.

Kesho yake akaenda kwa fundi. Fundi wetu wa pikipiki ana jina lake, lakini sisi tunamwita Fundi Kesho, na anaitika. Ana kibanda cha mabati chenye pikipiki nyingi zilizovuliwa nguo, na yeye katikati, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, mpole kama malaika.

"Kesho, dada," alimwambia. "Kesho asubuhi nalivua hilo bomba, mchana tayari."

Kesho asubuhi Mama Sindano akawa wa kwanza mlangoni. Fundi alikuwa na injini ya mtu mwingine mapajani.

"Fundi, leo ndiyo ile kesho uliyoniambia jana."

"Kesho ya jana imeahirishwa, dada yangu. Tuna kesho mpya."

Mama Sindano alicheka, kwa sababu huwezi kumkasirikia yule mtu ukiwa naye uso kwa uso. Hasira humpata mtu akishafika nyumbani. Akarudi tena, na tena. Mara fundi kafiwa, mara spana zake zimeazimwa, mara umeme umekatika, kana kwamba nati hufunguliwa kwa umeme. Mwishowe Mama Sindano akapandisha mabega. "Ng'ombe akishindwa kuzaa namtoa ndama kwa mkono wangu," aliniambia. "Bomba la moshi litanishinda?"

Akaenda kwenye duka la spea, akataja aina ya pikipiki na umri wake. Muuzaji akavuta kutoka darini bomba jipya na silensa yake, vinameta kiasi cha kujionea uso.

"Hii ni ya kwake kabisa," alisema muuzaji. "Inaingia yenyewe, wewe unasogeza tu."

"Na ikikataa?"

"Haikatai."

"Nakuuliza ikikataa."

"Tutaongea," alisema muuzaji, akamfungia kwa gazeti.

Jumamosi hakwenda kazini. Alitandika gunia uani, akapanga spana zake, brashi ya waya, kopo la mafuta ya kulegeza kutu, na zile spea mpya akaziegemeza ukutani ili azione zikimtia moyo. Mimi nilikuwa upande wangu na mabeseni ya kufulia. Uzio kati yetu ni wa mabati mafupi, na mengine yana matundu, kwa hiyo sikuwa nachungulia. Mtu akifua pale anaona, atake asitake.

Alianza vizuri. Silensa ya zamani ilitoka nyuma bila ubishi. Kusema kweli ilitoka kabla hajamaliza kufungua. Kazi ngumu ilikuwa mbele, kwenye injini. Pale bomba hushikwa na stadi mbili, vile vyuma vyembamba vyenye nyuzi vilivyozama ndani ya kichwa cha injini, na kila stadi ina nati yake. Nati hizo zilikuwa zimeshikana na kutu mpaka huoni nati inakoma wapi na stadi inaanzia wapi. Akazipiga brashi, akazimwagia mafuta, akatega spana, akajaribu kidogo. Hazikutikisika. Akazimwagia tena, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasubiri. Huyu mwanamke amesubiri nje ya mazizi usiku na mchana, kungoja anakujua.

Mumewe ndiye asiyekujua. Mumewe ni kinyozi, mtu mwema, mcheshi, na wa maneno mengi, ambaye kila asubuhi mkewe humpakia nyuma na kumshusha dukani kwake. Kichwa kimoja kwake huchukua muda wa vichwa vitatu, kwa sababu mkasi husimama kila habari inapofika patamu. Mchana ule alirudi nyumbani kula, akamkuta mkewe ameketi anaitazama injini.

"Unangoja nini, mama watoto?"

"Mafuta yaingie."

"Yaingie wapi? Nati ni nati. Inashikwa, inazungushwa."

"Baba, tafadhali usiguse."

"Nimegusa? Nimesimama tu."

Simu ikalia ndani. Alikuwa mfugaji ambaye mbuzi wake kavimba tumbo, na mazungumzo ya tumbo la mbuzi si ya kukatisha. Mama Sindano akaingia, akawa anaeleza: mtembeze, usimlaze, msugue ubavu wa kushoto. Mimi nikamwona kinyozi akiinama. Akaishika spana. Akaisukuma, ikakataa. Akatazama huku na huku, akaokota kipande cha bomba la maji, akakichomeka kwenye mpini wa spana ili uwe mrefu. Nilifungua mdomo niseme kitu. Sikuwahi.

Tak!

Ulikuwa mlio mdogo, kama mtu amevunja kijiti. Mama Sindano akatoka na simu bado sikioni. Mumewe alikuwa amechuchumaa, nati mkononi, na ndani ya nati kipande cha stadi.

"Imefunguka," alisema kwa sauti ndogo.

"Imekatika," akasema mkewe.

Wakaitazama. Kwenye kichwa cha injini palibaki kisiki tu, kifupi kiasi kwamba hakuna spana wala koleo itakayokipata. Bila stadi ile bomba jipya halina pa kushikwa.

Sitasema yote niliyosikia, kwa kuwa mengine ni ya watu na ndoa yao. Lakini palikuwa na maneno. Mama Sindano alimuuliza ni lini yeye amewahi kwenda dukani kwake kumshika mkono akiwa ananyoa. Alimwambia kuwa amesubiri fundi, amesubiri mafuta, amebeba barafu kichwani kama mtumwa, na wakati kazi imeanza kwenda mtu anatoka na wali mdomoni anakuja kuiharibu. Kinyozi kwanza alijitetea, kisha likamtoka.

"Unadhani mimi sina masikio? Jioni nipo dukani na wateja, mtu anasema, kinyozi, mkeo huyo yuko darajani. Mwingine anasema, hapana, huyo amefika shuleni. Wanakupima kwa kelele. Wote wanacheka. Na mimi nacheka nao."

"Unacheka nao."

"Nifanye nini? Nilie?"

"Kwa hiyo unanionea haya."

"Sijasema hivyo."

"Umesema, baba watoto. Umesema na nimesikia."

Kinyozi akavaa viatu, akarudi dukani bila kumaliza chakula. Mama Sindano akakaa kwenye ndoo, mkono shavuni, muda mrefu. Nilitaka kumwita, nikaona nimwache. Kuna wakati hata salamu ni mzigo.

Baadaye akainuka. Stadi ya pili, ile aliyoimwagia mafuta kwa subira, aliifungua mwenyewe polepole, mbele kidogo, nyuma kidogo, mpaka nati ikatoka nzima. Akalivua bomba bovu, akalitupa kando, akaanza kuisukuma pikipiki kwenda kwa mchomeleaji. Kwa mchomeleaji ni juu, mlima wa taratibu unaomaliza mtu bila yeye kujua. Nilimwambia nimsindikize, akasema hapana, asante.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe. Anasema njiani alikuwa anaongea peke yake, anagombana na nati, na fundi, na mumewe, kila mmoja kwa zamu. Alipita mbele ya duka la kinyozi bila kugeuza shingo. Kidogo mbele yake mlima ukakaza, pikipiki ikataka kurudi nyuma. Halafu ghafla ikawa nyepesi. Akageuka. Mumewe alikuwa nyuma, aproni yake ya kazi kifuani, nywele za watu mabegani, ameinamia kiti cha nyuma anasukuma. Kule chini, mteja alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa chake shingoni, kichwa upande mmoja kimenyolewa na upande mmoja bado, anauliza ulimwengu kama huu ni uungwana.

Walisukuma mpaka juu.

Mchomeleaji alikuwa kwenye geti kubwa la mtu. "Wekeni hapo nimalizie," alisema, na kumalizia huko kukachukua jua lote lililobaki. Alipokuja akaipiga tochi ile sehemu, akatikisa kichwa.

"Hapa naweka nati juu ya kisiki, nachomelea vishikane, halafu tunazungusha nati, kisiki kinafuata," alieleza. "Lakini kisiki ni kifupi. Na hiki kichwa si chuma cha kawaida, kinayeyuka upesi. Nikikosea, kichwa kimekwenda. Msije kunilaumu."

"Hatukulaumu," akasema kinyozi.

"Wewe nyamaza," akasema mkewe. Ndiyo maneno yao ya kwanza tangu mchana.

Mara ya kwanza nati ilibanduka. Mara ya pili ikabanduka. Kinyozi aligeuka akawa anatazama geti, hakutaka kuona. Mara ya tatu mchomeleaji aliacha ipoe, akagonga kidogo kwa nyundo, akashika spana, akazungusha kama mtu anayefungua mlango wa chumba alimolala mtoto. Ikalia kiii. Ikazunguka. Kisiki kikatoka kizima na nati yake kichwani.

Kinyozi kwa furaha akakidaka. Kilikuwa bado cha moto. Alipiga kelele, akakitupa, akabaki anapuliza vidole, vidole vilevile vya kushikia mkasi. Mama Sindano anasema ilibidi ageuke upande ili asimcheke, na hakutaka kabisa kucheka, maana hasira yake ilikuwa bado haijaisha na alikuwa anaitaka.

Jumapili asubuhi wakawa uani wote wawili. Yeye kwenye gunia, mumewe pembeni na vidole vimefungwa kitambaa, amekatazwa kugusa chochote mpaka aambiwe. Stadi mpya, zilizokuja pamoja na bomba, zikaingia vizuri. Bomba jipya likaingia. Silensa ikapachikwa kwenye bomba. Kilichobaki ni bolti moja tu ya nyuma, inayoishikilia silensa kwenye fremu. Tundu la silensa liko hapa, tundu la fremu liko pale, na katikati yake unapita upana wa kidole.

"Inaingia yenyewe," Mama Sindano akasema, akimwigiza muuzaji wa spea. "Unasogeza tu."

Duka la spea Jumapili hufungwa. Akavuta silensa, ikagoma. Akaisukuma kwa goti, ikagoma. Akachukua tupa ya duara, akaanza kulirefusha tundu la silensa. Kikwi, kikwi, kikwi. Sauti ile ilikaa kwenye meno yangu asubuhi nzima. Kinyozi akaomba naye asugue. Akapewa, akasugua kwa mkono mzima, wakapokezana. Hatimaye bolti ikapita. Mama Sindano akaikaza hiyo ya nyuma kwa nguvu zote, maana ndiyo iliyomsumbua, kisha akamalizia zile nati mbili za mbele.

Akapiga kiki. Ikawaka.

Pu-pu-pu-pu-pu.

Haikuwa ile kelele ya zamani. Silensa ilikuwa inafanya kazi yake huko nyuma, lakini mbele, pale bomba linapokutana na injini, moshi ulikuwa unatoka pembeni, unatema. Akazima. Akakaza nati. Akawasha. Pu-pu-pu. Akakaza tena kwa hofu, anaogopa nyingine isikatike. Pu-pu-pu. Alikuwa ameweka gasketi mpya, ile pete ndogo ya kuziba hapo kati, alikumbuka kabisa ameiweka. Akafungua, akaiona ipo. Akafunga. Pu-pu-pu.

Basi likamfika shingoni. Sikuona akiinuka, niliona tu kitu kinameta angani juu ya mabati, kikazunguka, kikatua kwenye beseni langu la sare nyeupe za shule, chubwi, povu likaniruka mpaka machoni.

Nikaiokota spana, nikasimama kwenye uzio.

"Mama Sindano, hii ni ya kwako au imeshuka kutoka mbinguni?"

Alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, mikono myeusi imelala juu ya gauni. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta kwa sababu ya mikono.

"Itupe huko mbele zaidi," akasema. "Itupe isirudi."

"Nguo zangu zimekukosea nini?"

"Nguo zako hazijanikosea, jirani. Mimi nimechoka. Nimechoka kukivua na kukivalisha hiki chuma. Kesho naenda kwa miguu. Nitakwenda kwa miguu mpaka nistaafu."

Mumewe alikuwa amesimama nyuma yake. Alikwenda ndani, akarudi na chai, akaiweka karibu naye, na kwa kuwa mikono ya mkewe ilikuwa michafu akamshikia kikombe anywe. Nikainua spana yangu, maana sasa ilikuwa yangu, nikaiweka juu ya bati na kurudi kwenye mabeseni.

Alipomaliza chai hakuinuka. Alijisogeza tu mpaka kwenye injini, akalivua bomba kwa mara nyingine, akawa anakitazama kile kitundu cheusi ambamo moshi hutokea. Kwa macho hapakuwa na kitu: masizi tu, meusi, laini. Ndipo akafanya alichozoea kufanya kila siku kwenye kazi yake, mahali ambapo macho hayafiki na mkono ndio unaoona. Akafumba macho, akaingiza kidole, akakizungusha taratibu ukutani.

"Kuna ukingo," akasema.

"Ukingo gani?" mumewe akauliza.

"Huku ndani. Kuna kitu kimekaa, kina kona. Hakijazaliwa hapa." Akazungusha tena. "Ni gasketi! Gasketi ya zamani, imegandana na masizi mpaka imekuwa ukuta. Nimeweka mpya juu ya kuukuu. Ndiyo maana haikai."

Akaingia ndani, akatoka na sindano nene ya ng'ombe iliyokwisha makali, akaikunja ncha, akaanza kuchokoa. Masizi yakadondoka. Alichokoa kwa subira ile ya kwanza kabisa, ile ya kwenye ndoo, na mumewe ameshika tochi bila kuitikisa na, kwa maajabu, bila kusema neno. Pete ikatoka vipande viwili, myeusi, nyembamba kama ganda. Akaviweka kwenye kiganja, akamwonyesha mumewe, akanionyesha na mimi juu ya bati. Kwa kitu kidogo kama kile ungetaka angalau kiombe radhi.

Safari hii alifunga kwa akili. Kila kitu kwanza kilegee. "Nishikie mkia wa silensa," alimwambia mumewe, "inua, usivute. Inua tu." Akakaza mbele, nati hii kidogo, nati ile kidogo, mpaka bomba likakaa sawa kwenye injini. Ndipo akaenda nyuma kwenye ile bolti yenye kiburi, akaikaza ya mwisho.

Akapiga kiki. Moshi mweupe mzito ukafunika uani, ukavuka uzio, na mtu wa nyumba ya tatu akapiga yowe kwamba kwa kinyozi kunaungua. Yalikuwa mafuta tu ambayo spea mpya hupakwa zisipate kutu, yaliungua yakaisha. Moshi ulipotoweka tulimwona Mama Sindano ameketi juu ya pikipiki, inawaka, na sisi tunaweza kusikiana. Inanguruma chini chini kama paka aliyeshiba. Nilitegemea angeruka, angepiga vigelegele. Alizima tu, akashuka, akaingia kuoga.

Jumatatu asubuhi alipita getini kwangu, mumewe nyuma kama kawaida, kisanduku cha barafu kimefungwa nyuma yao. Nikawapungia. Nilijua jioni atakuja na uso mwepesi.

Jioni alikuja na uso uleule wa Jumamosi.

"Kuna nini tena? Imetoboka?"

"Haijatoboka. Imenyamaza, jirani. Hilo ndilo tatizo." Akakaa kwenye kiti changu, akavua viatu. "Kwanza nimesikia mnyororo. Unapiga chaka, chaka, chaka, umelegea kama mkanda wa mlevi. Kumbe siku zote unapiga. Kisha breki ya nyuma inalia. Kisha kuna kitu ndani ya injini kinagonga, sijui ni nini na sitaki kujua. Halafu nikasikia sauti ya baba watoto."

"Alikuwa anasema nini?"

"Anasema! Kumbe yule mtu huongea njia nzima. Kila asubuhi namshusha dukani, ananieleza mambo ya nyumba, mimi sisikii hata herufi. Leo ananiambia, kwa hiyo dada anafika keshokutwa, nimemwambia tutawaweka chumba cha mbele. Nikasimamisha pikipiki. Dada gani? Dada yangu, anasema, na watoto wake, kwa likizo yote, si nilikueleza ukakubali? Nikamwambia mimi sijakubali kitu. Akasema umekubali, kila nikikuuliza unaitika mm."

"Na ulikuwa unaitika?"

"Nilikuwa nameza vumbi!"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka. Alikuwa ananihesabia wifi yake na kila mtoto, nani atalala wapi, na ni mambo mangapi mengine aliyoyakubali njiani bila kuyasikia, maana mumewe alipoulizwa hilo alianza kutazama pembeni.

"Una godoro la ziada?" akaniuliza mwishowe.

Lilikuwepo moja, jembamba, nimelisimamisha nyuma ya kabati. Tukalitoa, tukalipiga vumbi mlangoni, nikamsaidia kulikunja. Akajitwika kichwani, akaondoka nalo kichochoroni akinung'unika kwamba kesho kabla ya kazi lazima akaze ule mnyororo, na kwamba Fundi Kesho asije akathubutu hata kumsalimia.